Menyu ya Mgahawa Wako: Kiingereza cha Uingereza, cha Marekani, Kifaransa cha Jikoni au Kiswahili?

Andika "entrée" kwenye menyu ya mgahawa ulioko Nungwi, kisha waketi mgeni kutoka Chicago na mwingine kutoka Sydney. Wa Chicago anasubiri mlo wenyewe, sahani iliyojaa samaki au nyama. Wa Sydney anasubiri kitu kidogo cha kufungulia tumbo. Wote wawili wamezaliwa na Kiingereza, na kila mmoja amelielewa neno kama linavyotumika kwao. Sahani ikifika, mmoja wao atanuna, na atakayeulizwa ni mhudumu.

Kiingereza cha mezani kimejaa maneno ya aina hii. Anayeandika menyu ya wageni, awe Zanzibar, Diani, Arusha au Bujumbura, hana budi kuamua atayatumia kwa maana ya nani. Njia zilizopo ni nne: Kiingereza cha Uingereza, Kiingereza cha Marekani, Kifaransa cha jikoni, na Kiswahili chenye maelezo mafupi chini yake. Menyu nyingi za ukanda huu zimechanganya zote nne bila mwenyewe kujua. Ukurasa wa saladi umenakiliwa kwenye intaneti, wa nyama umetoka kwa mpishi aliyewahi kufanya kazi Dubai, wa vinywaji umeletwa na msambazaji. Kwa maoni yangu mchanganyiko huo ndio ugonjwa, kuliko lugha yoyote kati ya hizo nne.

Tunapima nini

La kwanza ni kueleweka: mgeni akisoma, anajua atakacholetewa? La pili ni usalama: kuna neno linaloweza kumlisha mtu kitu ambacho dini yake imekikataza au mwili wake haukiwezi? La tatu ni wahudumu na wapishi wako: wanaweza kulitamka jina hilo na kulieleza bila kukimbilia jikoni kuuliza? La nne ni hadhi, yaani jina linavyoathiri bei ambayo mgeni yuko tayari kulipa.

Wenye migahawa wengi huanza na hilo la nne. Mimi ningeanza na la pili, kwa sababu mgeni aliyeletewa chakula kidogo atalalamika tu, lakini aliyelishwa nguruwe au karanga bila kujua hasahau.

Kiingereza cha Uingereza

*Kueleweka.* Hiki ndicho Kiingereza cha shule za Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo hata mgeni wa nyumbani atakisoma bila taabu. "Starter" ni cha kuanzia, "main" ni mlo mkuu, "bill" ni bili. "Chips" ni zilezile chipsi za kwa muuza chipsi wa mtaani, na "biscuit" ni biskuti. Wataliano na Wajerumani wanaojaa pwani nao hupita humo bila kukwama.

*Usalama.* Hapa pana mashimo, na kubwa kuliko yote ni "pudding". Mwingereza akiulizia "pudding" baada ya kula, anataka kitamu chochote cha kumalizia, hata kama ni keki. Lakini "Yorkshire pudding" haina sukari. Ni unga, mayai na maziwa vilivyookwa, na huliwa na nyama ya ng'ombe ya kuoka. "Black pudding" nayo ni soseji ya damu, na mara nyingi damu hiyo ni ya nguruwe. Mgeni Mwislamu anayejua kwamba "pudding" ni kitu kitamu hana sababu ya kushtuka akiliona neno hilo kwenye orodha ya kifungua kinywa.

"Jelly" ya Mwingereza ni ile inayotetemeka kwenye bakuli, na inagandishwa kwa jelatini. Jelatini nyingi hutoka kwa nguruwe au ng'ombe, kwa hiyo kama hujui yako imetokana na nini, usiipeleke kwenye meza ya futari. "Mincemeat" inachekesha zaidi: jina linataja nyama, lakini leo ndani yake ni matunda makavu na viungo. Mlaji mboga akishaambiwa hivyo hufurahi mapema mno, kwani mara nyingi kuna mafuta ya figo za ng'ombe, na Mwislamu naye aulize kama ina brandi.

Halafu kuna "cider". Kwa Mwingereza ni pombe ya tufaha. Tutakutana nayo tena.

*Wahudumu.* Hapa Uingereza inashinda kwa urahisi, kwa sababu mhudumu hajifunzi lugha mpya. Anachokiona kwenye karatasi ndicho anachokisema kila siku.

*Hadhi.* Ya kawaida. Ni lugha ya kazi. Hoteli zinazotaka kujipamba hukimbilia "high tea" zikimaanisha chai ya saa kumi yenye skonzi na keki ndogo. Uingereza kwenyewe hiyo huitwa "afternoon tea". "High tea" ilikuwa chakula cha jioni cha watu waliotoka kazini, mkate na nyama, kilicholiwa kwenye meza ya chakula. Hakuna anayedhurika hapo, tupite.

*Inamfaa nani.* Mwenye wageni mchanganyiko na wahudumu waliosoma hapahapa.

Kiingereza cha Marekani

*Kueleweka.* Kwa Mmarekani, na kwa Mkanada kwa sehemu kubwa, kiko wazi kabisa. "Appetizer" huanza, "entrée" ni mlo mkuu, "dessert" humaliza, "check" ni bili. Kina tabia moja ninayoipenda: menyu za Kimarekani za siku hizi hutaja viungo mstari kwa mstari, kwa hiyo jina likikupotosha, orodha iliyo chini yake inakurudisha njiani.

Tatizo huanza anapoingia mtu mwingine. "Chips" za Mmarekani ni zile kavu za kwenye pakiti, ambazo Kenya huitwa krispi, na za moto ni "fries". "Biscuit" yake ni mkate mdogo laini unaoliwa hata na mchuzi wa nyama. "Cilantro", "eggplant", "zucchini" na "arugula" ni mboga ambazo Mwingereza anazila kila wiki kwa majina mengine: "coriander", "aubergine", "courgette" na "rocket". Mpishi wa Arusha akisoma "chips" atakaanga viazi, na atakuwa amefanya sawa kwa Kiingereza chake.

*Usalama.* Turudi kwenye "cider". Marekani neno hilo likiwa peke yake kwa kawaida ni juisi ya tufaha isiyochujwa. Yenye pombe huitwa "hard cider". Chukua familia ya Waislamu wa Minneapolis, watoto wamekua wakinywa "cider" kila majira ya tufaha yanapofika. Wanakuja Mombasa likizo, wanaiona "cider" kwenye orodha ya vinywaji iliyoandikwa Kiingereza, wanamwagizia mtoto. Chupa inayoletwa ina pombe. Ukichagua Kimarekani kwenye chakula, hakikisha ukurasa wa vinywaji nao umefuata mkondo huohuo, maana mara nyingi uliandikwa na mtu mwingine.

"Lemonade" hailewi mtu, lakini huleta ubishi. Mmarekani anataka limau, maji na sukari. Mwingereza mara nyingi anategemea soda nyeupe yenye mapovu. Kwetu andika "juisi ya ndimu" au "soda" na mjadala umeisha.

*Wahudumu.* Watahitaji kufundishwa. Si kazi kubwa, ila lazima ifanyike kabla ya msimu na si mbele ya mgeni. Wafundishe hata "broil" na "grill": kwa Mmarekani "broil" ni moto wa juu na "grill" ni moto wa chini, ilhali "grill" ya jikoni mwa Mwingereza ni moto wa juu. Jiko la mkaa limetuepusha na mengi hapa, kwa sababu kuchoma ni kuchoma.

*Hadhi.* Inategemea eneo. Kwenye hoteli za safari ambako chumba kimeshalipiwa Marekani, lugha hii humpa mgeni utulivu. Jambo moja la pesa: Mmarekani amezoea kuacha tipu ya asilimia 15 hadi 20 kwa kuamini kwamba haimo kwenye bili. Kama umeshaweka ada ya huduma, iandike wazi, la sivyo atalipa mara mbili na atajua baadaye.

*Inamfaa nani.* Hoteli ambayo sehemu kubwa ya wageni wake wanatoka Marekani na Kanada, na ambayo iko tayari kuwafundisha wahudumu wake.

Kifaransa cha jikoni

*Kueleweka.* Wengi hukishutumu kwamba ni cha maringo tu. Si kweli. Kifaransa kinatenganisha vitu ambavyo Kiingereza kimevirundika pamoja. "Pepper" ya Kiingereza yaweza kuwa pilipili manga au pilipili hoho, na ukitanguliza "chilli" inakuwa ya kuwasha. Kifaransa kina "poivre", "poivron" na "piment", na kila moja ina njia yake. Kiingereza kinasema "lobster" kwa kamba koche wetu na kwa yule wa bahari za baridi mwenye makucha makubwa. Kifaransa kinamwita wetu "langouste" na yule mwingine "homard".

Ila maneno ya Kifaransa yaliyohamia Kiingereza yamebadilika tabia njiani. Ufaransa "entrée" bado ni cha kuanzia. "Menu" kule mara nyingi ni mlo uliopangwa kwa bei moja, na orodha nzima ni "carte". "Jus" kwenye menyu ya Kiingereza ni mchuzi mwepesi wa nyama, na kwa Mfaransa yaweza pia kuwa juisi ya machungwa. Steki ya "à point" huja na uwekundu zaidi kuliko anavyotarajia Mwingereza anayesema "medium". "Dîner" ni chakula cha jioni Paris, lakini Ubelgiji ni cha mchana.

*Usalama.* Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kifaransa kimetumika kwa muda mrefu kuficha. Auguste Escoffier, aliyeongoza jiko la hoteli ya Savoy mjini London kuanzia 1890 na kuchapisha kitabu chake kikuu cha mapishi mwaka 1903, aliwauzia Waingereza miguu ya vyura kwa jina la "nymphes", mabinti wa hadithi za Kiyunani. Aliona kuwa jina la chura halifai kuandikwa kwenye menyu. Wageni wakala, wakasifu.

Leo ufichaji huo hauna tena utani ndani yake. "Lardons" kwenye saladi ni vipande vya nguruwe. "Au vin" ina mvinyo. "Ris de veau" inasikika kama wali, kwa kuwa "riz" ndio wali, kumbe ni tezi za ndama. Kiingereza nacho kinaiita "sweetbread", ambayo si tamu wala si mkate. Mgeni kutoka Muscat au Dar asiyesoma Kifaransa hana namna ya kujikinga isipokuwa kuuliza, na katika mgahawa wa ghali watu wengi huona haya kuuliza.

*Wahudumu.* Goma, Bukavu na Bujumbura, ambako Kifaransa ni lugha ya darasani, hakuna shida yoyote. Dar au Nairobi ni habari nyingine. Mhudumu asiyeweza kulitamka jina la sahani hataipendekeza. Atamwelekeza mgeni kwenye kuku, na sahani uliyoipa jina zuri kuliko zote italala jikoni.

*Hadhi.* Kubwa, bado. Wapishi wakuu duniani wanaitwa "chef", na hilo lenyewe ni Kifaransa kwa maana ya mkuu. Nyota za Michelin, tuzo za migahawa bora zilizoanza kutolewa mwaka 1926, zilianzia Ufaransa. Ukitaka kuuza mlo wa sahani ndogondogo nyingi kwa bei ya juu, lugha hii inakusaidia, mradi jiko linaweza kulingana nayo.

*Inamfaa nani.* Mgahawa ulioko kwenye nchi ya Kifaransa, au ule ambao mpishi wake kweli anapika Kifaransa na ana mtu mezani anayeweza kueleza kila mstari.

Kiswahili chenye maelezo

*Kueleweka.* Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mahamri, mkate wa kumimina: majina haya yakifasiriwa yanapungua. "Octopus curry" inaweza kuwa ya popote. Mgeni aliyesafiri saa kumi angani hakuja kula cha popote. Lakini jina peke yake halimtoshi, anahitaji mstari mmoja chini yake, na mstari huo lazima uwe wa Kiingereza au Kifaransa fulani. Kwa hiyo njia hii haikuondolei uamuzi wa mwanzo. Inaupunguza tu.

Tusijifanye kwamba Kiswahili hakina mitego yake. Pilipili hoho ya bara haiwashi, na Zanzibar hiyohiyo wataiita pilipili boga. Majani anayoyaita kotmiri mtu wa pwani, Mnairobi anayaita dania. Mahamri ya Mombasa yakifika bara yanaitwa maandazi, na mpishi wa Lamu atakukatalia kwamba ni kitu kimoja.

*Usalama.* Neno la kuangalia ni "nyama". Mgeni anasema hali nyama. Mhudumu anakubali kwa moyo mweupe, anamletea kuku. Hajamdanganya, kwa sababu kwa watu wengi nyama ni ya ng'ombe au mbuzi, na kuku ni kuku, samaki ni samaki. Andika moja kwa moja: "haina nyama, kuku wala samaki".

Upande mwingine, Kiswahili kina uwazi ambao lugha zile nyingine zingetamani. "Mchicha wa karanga" umetaja kinachoweza kumuua mwenye mzio. Ukiubadilisha kuwa "creamed spinach", karanga imepotea. Na wageni hawa wanatoka kwenye nchi zenye sheria za kutaja vyakula vya mzio: Umoja wa Ulaya na Uingereza huhesabu 14, Marekani 9 tangu ufuta ulipoongezwa rasmi mwaka 2023. Wamezoea kuambiwa.

*Wahudumu.* Hapa wanang'aa. Muulize mhudumu wa Jambiani pweza hupondwaje kabla ya kupikwa, atakueleza mpaka uagize.

*Hadhi.* Wenye hoteli wengi huogopa kwamba jina la Kiswahili litashusha bei. Mtaliano hatafsiri "risotto" wala Mjapani hatafsiri "sushi", na hakuna anayewaomba punguzo.

*Inamfaa nani.* Jiko linalopika vyakula vya hapa, kwa wageni wa aina yoyote. Hakimfai anayeuza piza na steki. Huko Kiswahili kitakuwa pambo tu.

Sahani moja, maandishi manne

Kamba koche wa mkaa, kwa nazi na ndimu. Kwa Uingereza: "Grilled lobster, coconut and lime sauce, chips, coriander". Kwa Marekani: "Char-grilled spiny lobster, coconut-lime sauce, fries, cilantro". Kwa Kifaransa: "Langouste grillée, sauce coco et citron vert, frites, coriandre". Kwa Kiswahili: "Kamba koche wa kuchoma kwa mkaa, mchuzi mzito wa nazi na ndimu, chipsi, kotmiri".

Angalia neno "spiny", yaani wa miiba, kwenye ule wa Marekani. Bila hilo, mgeni aliyezoea kamba wa Maine, yule wa bahari ya baridi, atatafuta makucha kwenye sahani yake na kudhani mpishi ameyala. Kifaransa na Kiswahili hazikuhitaji nyongeza hiyo. Menyu ya Uingereza inaihitaji pia, ila mara nyingi haiandikwi.

Kwa hali yako

Nyumba ndogo ya wageni Jambiani au Watamu, wageni wa kila taifa, samaki wanatoka kwa mvuvi wa jirani: majina ya Kiswahili juu, Kiingereza chepesi cha Uingereza chini. "Entrée" isionekane popote.

Hoteli ya safari karibu na Serengeti au Maasai Mara ambako vyumba vingi vimechukuliwa na Wamarekani: Kimarekani kuanzia supu mpaka vinywaji. Usiache ukurasa mmoja nyuma.

Hoteli ya mikutano Dar, Kampala au Nairobi, watu mia kwenye foleni ya bufee: Uingereza, na kibao kidogo mbele ya kila sinia kikitaja nguruwe, pombe, karanga, mayai na maziwa. Pale hakuna muda wa kumuuliza mhudumu.

Mgahawa wa Bujumbura au Goma: Kifaransa, lakini bila majina ya kuficha. Kama ni nguruwe, iandikwe "porc".

Wageni wako wengi wanatoka Oman: baadhi yao wana asili ya Zanzibar na Kiswahili wanakizungumza nyumbani. Wali wa nazi na mkate wa kumimina hawahitaji tafsiri yoyote, na maelezo mazuri zaidi unayoweza kuwapa ni kuhusu nyama ilikochinjwa.

Na kama menyu yako imeshachapwa ikiwa na mchanganyiko, na pesa ya kuchapa upya haipo msimu huu, anza na wahudumu. Wape karatasi yenye maneno machache: "entrée", "chips", "pudding", "jelly", "cider", "lobster". Mbele ya kila neno andika kinacholetwa hasa mezani kwako. Mgeni akitaja lolote kati ya hayo, mhudumu amweleze sahani yenyewe kabla ya kuandika oda.